Kasi, Mchapuko na Kusita: Maandalizi ya Mtihani wa Mekanika kwa Jicho la Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya upili anayeishi Loresho, magharibi mwa jiji la Nairobi, hukutana na suala la mwendo katika madarasa mawili ambayo aghalabu hayasemezani. Katika fizikia ya kidato cha tatu hufundishwa milinganyo mitatu ya mwendo wa mstari mnyofu, akaikariri na kuitumia kwa gari, jiwe na mpira. Katika hisabati ya kidato cha nne huonyeshwa kanuni ya kimaandishi ya mahali ilipo chembe kila wakati, kisha akatakiwa kupata kasi na mchapuko wake kwa njia ya kalkulasi. Mambo haya mawili ni jambo moja. Hata hivyo, karatasi ya kwanza ya fizikia ya KCSE (232/1) huuliza mekanika bila kalkulasi, na hisabati (121) huuliza kalkulasi ya mwendo pasi na kutaja kani wala msuguano. Mtahiniwa huachiwa kazi ya kuunga vipande, na wengi hawaungi.

Loresho ina sura yake katika suala hili. Ni mtaa wa nyumba zenye bustani pana, lakini ndani yake mna kijiji cha mabanda cha Kibagare, na jirani yake ni Kangemi yenye msongamano. Katika kituo kimoja cha matatu huweza kusimama wanafunzi wawili wa umri mmoja, mmoja akijiandaa kwa KCSE na mwingine kwa mitihani ya Cambridge katika shule ya kibinafsi. Huyu wa pili naye, jambo la kushangaza kidogo, hukuta kalkulasi ya mwendo katika karatasi ya mekanika iliyo chini ya hisabati, ilhali fizikia yake haimdai kalkulasi. Ni katika mitihani kama ule wa Marekani uitwao AP Physics C: Mechanics ambapo fizikia yenyewe humlazimu mwanafunzi wa sekondari kuifahamu kalkulasi.

Jambo hili linamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili? Tangu TUKI ichapishe Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, hoja kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi imepungua nguvu. Istilahi zipo. Kilicho haba ni nathari inayozitumia: aya zinazomweleza mtu mwenye shida halisi, mathalani mtahiniwa aliyebakiwa na wiki sita, jambo fulani hadi alielewe. Orodha ya maneno haifundishi mtu mekanika. Makala haya yanakusudia kulitazama suala hilo kwa kulifanya, yaani kwa kueleza mekanika ya kalkulasi kwa Kiswahili na kuonyesha ni wapi lugha humsaidia mtahiniwa na ni wapi humkwaza.

Chanzo cha mgawanyiko

Hadi mwaka 1989, Mkenya aliyetaka kuendelea na sayansi alipitia kidato cha tano na cha sita, kisha akafanya mtihani wa KACE. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliifuta miaka hiyo miwili, na KACE ya mwisho na KCSE ya kwanza zilifanywa mwaka huo mmoja wa 1989. Kalkulasi ilipewa nafasi mwishoni kabisa mwa silabasi ya hisabati ya kidato cha nne, mahali ambapo walimu wengi hufika wakitweta, mtihani ukiwa mlangoni. Tanzania ilibaki na vidato viwili vya juu, na mwanafunzi wake wa mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati hupata muda wa kuyazoea mambo haya. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu nchini Kenya Januari 2026, na KCSE imepangwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027. Walimu wa mfumo mpya wana nafasi ya kuunga kilichokatwa.

Maneno na mitego yake

Neno la kwanza ni jina la taaluma yenyewe. Hapa limetumiwa *mekanika*, kwa kuwa *umakanika* masikioni mwa mkazi wa Nairobi ni kazi ya gereji.

Ugumu zaidi umo katika *kasi*. Fizikia hutofautisha kasi isiyojali upande na kasi yenye mwelekeo. Gari liendalo Westlands kwa kilomita 60 kwa saa na jingine lirudilo Kangemi kwa kilomita 60 kwa saa yana kasi moja kwa maana ya kwanza. Kwa maana ya pili, kama ya kwanza ni 60, ya pili ni hasi 60. Hesabu za shule za msingi nchini Tanzania zimezoea neno *mwendokasi* kwa umbali uliogawanywa kwa muda, na tangu mabasi ya mwendo wa haraka yaanze kazi Dar es Salaam mwaka 2016, neno hilo limekuwa jina la basi. Si vibaya neno kupanda basi, ila mtahini hatalipokea kwa maana hiyo. Katika makala haya *kasi* ni ile yenye mwelekeo, isipokuwa pale inapoelezwa vinginevyo.

*Mchapuko* ni istilahi nzuri. Imetokana na *chapua*, kama katika kuchapua miguu, na msikilizaji huihisi maana kabla ya kufafanuliwa. Uzuri huo ndio pia mtego wake: anayechapua miguu huongeza mwendo, ilhali mchapuko wa fizikia ni badiliko lolote la kasi, likiwamo la kupungua. Dereva anayekanyaga breki ana mchapuko, nao ni hasi iwapo upande aendako ndio uliochukuliwa kuwa chanya.

*Uzito* nao unahitaji onyo. Sokoni gunia lina uzito wa kilo 50 na hakuna anayepinga. Katika karatasi ya fizikia, kilo 50 ni tungamo, wengine husema masi. Uzito ni kani ambayo dunia hulivutia gunia hilo, takriban nyutoni 500. Mwenye kuliruka tofauti hii hukosea kila swali la kani kabla hajalianza.

Kutoka kwenye utepe hadi kikomo

Shule nyingi za Kenya hufundisha mwendo kwa chombo kinachogonga nukta juu ya utepe wa karatasi unaovutwa na kigari. Umeme wa Kenya una marudio 50 kwa sekunde, hivyo kati ya nukta na nukta ni sekunde 0.02. Nukta zikikaribiana, kigari kinakwenda polepole. Zikiachana, kinakwenda mbio. Mwanafunzi hupima nafasi kati ya nukta mbili, akagawanya kwa 0.02, akapata kasi ya wastani.

Hapa ndipo kalkulasi ilipojificha, na ni hasara kwamba darasani hupitwa kimyakimya. Wastani kati ya nukta mbili si kasi ya wakati mmoja. Je, nukta zingegongwa kila baada ya 0.002? Au 0.0002? Ichukuliwe jiwe lililoangushwa, ambalo limeshuka mita 5t² baada ya sekunde t. Baada ya sekunde 2 limeshuka mita 20. Baada ya sekunde 2.1 limeshuka mita 22.05, kwa hiyo wastani wa kasi katika kipande hicho ni mita 20.5 kwa sekunde. Kipande kikifupishwa hadi 0.01, wastani ni 20.05, kikifupishwa hadi 0.001, ni 20.005. Namba hizi zinaikaribia 20, na kadiri kipande kinavyofupishwa ndivyo pengo linavyotoweka. Hiyo 20 ni kikomo, nacho ndicho kasi ya jiwe katika sekunde ya 2 yenyewe. Wanahisabati hukiita derivativu. Kanuni ambayo mwanafunzi hukariri, kwamba kipeo hushushwa mbele na kupunguzwa moja, hugeuza 5t² kuwa 10t, na 10 mara 2 ni 20. Kanuni ni njia ya mkato tu ya kufikia pale utepe ulipokuwa ukielekea.

Leibniz alichapisha kalkulasi yake mwaka 1684, na Newton akatoa kitabu chake kikuu cha mekanika mwaka 1687. Elimu hizi mbili zilizaliwa karibu pamoja kwa sababu moja ilikuwa chombo cha nyingine. Kuzitenganisha ni uamuzi wa watunga silabasi, si wa maumbile.

Matatu inayoikataa milinganyo

Milinganyo mitatu ya fizikia ya kidato cha tatu ina sharti moja: mchapuko usibadilike. Sharti hilo huandikwa kwa herufi ndogo na kusahaulika kwa herufi kubwa. Ichukuliwe matatu inayoondoka kituo kimoja na kusimama kituo kinachofuata baada ya sekunde 60, kasi yake ikiwa v = (60t − t²)/50, kwa mita kwa sekunde. Mwanzoni v ni sifuri. Katika sekunde ya 30 ni 18, yaani karibu kilomita 65 kwa saa. Katika sekunde ya 60 ni sifuri tena. Ni mwendo wa kawaida wa matatu katika barabara iliyo wazi.

Mchapuko hupatikana kwa kutafuta derivativu ya kasi: a = (60 − 2t)/50. Mwanzoni ni 1.2, katika sekunde ya 30 ni sifuri, mwishoni ni hasi 1.2. Mtahiniwa mwenye pupa huitwaa 1.2 ya mwanzoni na kuitia katika v = u + at kwa sekunde 60. Hupata mita 72 kwa sekunde, takriban kilomita 259 kwa saa. Tangu Februari 2004 matatu za Kenya zimelazimika kuwa na vidhibiti mwendo vyenye kikomo cha kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo hata abiria asiyejua fizikia angeikataa hesabu hiyo. Umbali nao, kwa mlinganyo wa pili, ungekuwa mita 2,160.

Umbali wa kweli ni eneo lililo chini ya mstari wa grafu ya kasi. Sababu yake ni nyepesi: katika kipande kifupi sana cha muda, kasi karibu haibadiliki, na umbali ni kasi mara muda, yaani eneo la ufito mwembamba uliosimama. Fito zote zikijumlishwa, safari nzima hupatikana. Kujumlisha huko ndiko kutafuta integrali, na kunaturudisha kinyumenyume kwenye kanuni ya awali: 60t hutoa 30t², na t² hutoa theluthi ya t³. Kwa t = 60, jumla ni (108,000 − 72,000)/50 = mita 720. Jibu la pupa lilikuwa mara tatu ya ukweli.

Silabasi ya hisabati hutaka pia eneo hili likadiriwe kwa trapeza. Muda ukikatwa vipande sita vya sekunde 10, kasi mipakani ni 0, 10, 16, 18, 16, 10 na 0, na trapeza hutoa mita 700. Ni pungufu ya mita 20 kwa kuwa mstari umebinuka juu na trapeza zimekaa chini yake. Kwa kutumia kasi za katikati ya vipande (5.5, 13.5, 17.5, kisha hizo hizo kwa kurudi) hupatikana mita 730, ziada ya 10. Mtahiniwa aliyechora grafu hujua kabla ya kukokotoa ni kadirio lipi litapungua na lipi litazidi, na mitihani hupenda kuuliza hilo.

Kuna jambo moja ambalo integrali haiwezi kulijua: gari lilianzia wapi. Kasi pekee haisemi kama safari ilianza Kangemi au Uthiru. Ndiyo maana huongezwa kile kisichobadilika, C, ambacho wanafunzi wengi hukiacha kana kwamba ni pambo. Anayejiuliza swali la kawaida la lugha, "lilianzia wapi?", hasahau kukiandika.

Kusita

Swali la mfano wa KCSE huweza kuwa hivi: chembe husogea katika mstari mnyofu, na umbali wake kutoka alama O ni s = t³ − 6t² + 9t + 4. Ni lini hutulia kwa muda? Ina mchapuko gani wakati huo? Husafiri umbali gani katika sekunde 4 za kwanza?

Kasi ni 3t² − 12t + 9, sawa na 3(t − 1)(t − 3). Ni sifuri katika sekunde ya 1 na ya 3. Mchapuko ni 6t − 12; katika sekunde ya 1 ni hasi 6. Hapa wanafunzi wengi hukwama. Itawezekanaje chembe itulie na bado iwe na mchapuko? Wengine hufuta kazi yao sahihi na kuandika sifuri.

Kosa ni la neno *tulia* zaidi kuliko la hesabu. Kilichotulia, katika Kiswahili, hukaa. Maji yametulia, mtoto ametulia, mji umetulia. Lakini Kiswahili kina neno jingine, nalo lafaa kuliko hata msemo wa Kiingereza uliomo katika karatasi: *sita*. Anayesita hasimami akakaa. Huzuilika kwa nukta moja, na ndani ya kuzuilika kule tayari mna mwelekeo mpya. Mpira uliorushwa juu husita kileleni, haukai pale. Kani inayouvuta chini haikuondoka hata kwa kitambo, na mchapuko wake ni ule ule uliokuwapo ulipopanda. Chembe ya swali hili husita mara mbili, na kila isitapo, hugeuka.

Mwanafunzi akiliona hilo, sehemu ya mwisho hujifungua. Mwanzoni chembe ipo mita 4 kutoka O. Katika sekunde ya 1 ipo 8. Katika sekunde ya 3 imerudi 4. Katika sekunde ya 4 ipo 8 tena. Imesafiri 4, na 4, na 4: jumla mita 12. Aliyetoa mwanzo kutoka mwisho hupata 4, ambayo ni jibu la swali jingine, la umbali kati ya alipoanzia na alipoishia. Na katika sekunde ya 2, kinyume cha yote, mchapuko ni sifuri ilhali chembe inakwenda, kasi yake hasi 3.

Gololi katika gliserini

Mfano wa mwisho umo katika fizikia, nao huonyesha hasara ya kuiacha kalkulasi nje. Gololi ya chuma huachiliwa ndani ya mtungi mrefu wa gliserini. Silabasi humtaka mwanafunzi aeleze kwamba gololi huongeza kasi, kisha hufikia kasi ya mwisho isiyobadilika, na achore grafu inayopanda na kulala. Wengi huichora sawasawa bila kujua kwa nini inalala.

Kani ni tatu: uzito wa kwenda chini, msukumo wa kimiminiko wa kwenda juu, na mnato wa kwenda juu pia, ambao hukua kasi inapokua. Newton anadai kwamba tungamo mara kadiri ya badiliko la kasi ni sawa na uzito, ukitolewa msukumo na mnato. Sentensi hiyo ndiyo mlinganyo wenyewe: m(dv/dt) = W − U − kv. Husomeka hivi: kadiri gololi inavyokwenda mbio ndivyo inavyopungukiwa na sababu ya kuongeza mbio. Ujenzi wa *kadiri … ndivyo*, ambao kila mwanafunzi wa sarufi anaufahamu, umeubeba mlinganyo mzima wa kiderivativu bila kutatizika.

Kutokana nao hupatikana mambo ambayo kukariri hakuyatoi. Mwanzoni v ni sifuri, kwa hiyo mchapuko wa kwanza ni (W − U)/m, pungufu ya ule wa jiwe hewani. Kasi ya mwisho ni (W − U)/k. Na pengo lililobaki hadi kasi hiyo hupungua kwa uwiano ule ule kila kitambo sawa: kama hupungua nusu kila sehemu ya kumi ya sekunde, baada ya sehemu nne imebaki moja ya kumi na sita. Ndiyo maana grafu hulala taratibu badala ya kukatika ghafla.

Wiki za mwisho

Karatasi ya pili ya hisabati (121/2) ni ya saa mbili na nusu na alama 100, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la sehemu ya pili lina alama 10, kwa hiyo lastahili dakika 15, na mtahiniwa huchagua matano kati ya manane. Swali la mwendo ni la kuchaguliwa na aliyejiandaa, maana hatua zake hutabirika.

Maandalizi yenye tija huanza kwa kulisoma swali kwa sauti na kulisema upya kwa Kiswahili, wawili wawili ikiwezekana: nini kinajulikana, mahali au kasi au mchapuko? Kinachotakiwa kiko juu au chini katika ngazi hiyo? Kushuka kutoka mahali kwenda kasi na kasi kwenda mchapuko ni derivativu. Kupanda ni integrali, na kila kupanda kunadai kujua mwanzo. Kabla ya kuugusa mlinganyo wowote wa kidato cha tatu, huulizwa kama mchapuko haubadiliki. Kisha grafu huchorwa, hata kwa mkono usio na rula, na vipimo hukaguliwa, kwa sababu anayepata umbali kwa mita kwa sekunde amekosea njiani. Ni baada ya hapo tu ndipo jibu huandikwa kwa Kiingereza, lugha ya mtihani, na kazi hiyo huwa fupi, kwa kuwa lililobaki kuandikwa ni mistari minne au mitano ya alama na namba.